Mdogo Wangu ni Mtu Mzima: Niliyojifunza Kwenye Mipango ya Halmashauri

Mdogo wangu, mwenye ulemavu wa akili, amepita miaka arobaini, lakini kwenye daftari la kijiji chetu alikuwa ameandikwa kwenye orodha ya watoto. Haikuwa kejeli. Mtendaji aliyeandika aliona mtu mwenye maneno machache, anayekumbushwa kuoga na anayependa kukaa na wadogo, akajua pa kumweka. Nililiona jambo hilo nilipochaguliwa kuingia kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji kama mlezi. Kamati hizo zimetokana na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na zinatakiwa kuwepo kuanzia chini hadi mkoani. Yetu ilikuwepo kwenye karatasi kwa muda mrefu kabla ya kukaa kikao.

Mkoa wa Kigoma una halmashauri 8. Yetu siitaji, maana baadhi ya watumishi wake ni majirani zangu na tunazikana. Itoshe kusema ni kijiji cha ziwani, watu wanaishi kwa dagaa na mawese, na kwenda makao makuu ya halmashauri lazima upande gari mbili.

Mdogo wangu alisoma kitengo. Huku kwetu ukisema mtoto anasoma kitengo, kila mtu anaelewa: ni yale madarasa ya elimu maalumu yaliyo ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Alijifunza kuvaa, kuosha vyombo, kuhesabu hadi kumi akiwa ametulia. Halafu ndevu zikaota. Mwalimu akamwita mama yetu, Mungu amrehemu, akamwambia kwa heshima zote kwamba kijana amekuwa na wadogo wanahitaji nafasi. Akarudi nyumbani na begi lake. Huduma ya serikali kwa mdogo wangu ilikoma siku hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto hadi anapotimiza miaka 18, na miradi mingi ya ustawi niliyoiona, ya serikali na ya mashirika, inaufuata mstari huo huo. Afisa ustawi wa jamii ana fungu la watoto walio kwenye mazingira magumu, fungu la wazee, fungu la mashauri ya ndoa. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili anangojea apate huruma ya mtu.

Kilichompokea mdogo wangu ni mwalo, yaani ufukwe ambako wavuvi hushusha samaki.

Kwa asiyeijua Kigoma, vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, vinaingia ziwani usiku na taa, vinarudi alfajiri. Kina mama wananunua pale pale majini, wanaanika kwenye mchanga au juu ya vichanja, na kuanzia hapo ni vita na kunguru, kuku, mbuzi na mvua. Mdogo wangu alianza kwa kufukuza kunguru. Akapewa kazi ya kugeuza dagaa ili wakauke pande zote, akapewa ndoo za maji, akapewa kulinda turubai. Ana kifafa pia, na wale kina mama wanajua: akianza kutazama mahali pamoja bila kupepesa macho, wanamvuta mbali na maji na kumlaza ubavu. Hakuna aliyewafundisha hilo kwenye semina. Wanajua saa yake ya uji, wanajua akikasirika asisemeshwe kwanza. Jioni alirudi na bakuli la dagaa wa mboga, akiwa amechoka kama watu wengine wanavyochoka. Kisha zikifika siku za mbalamwezi, wakati taa hazina kazi na vipe havitoki, naye alipumzika kama mvuvi yeyote.

Wala hakuwa peke yake. Ukitembea mwaloni kwetu ukiwa na macho ya kuangalia, utawaona watu wazima kadhaa wa namna yake: mmoja anasukuma vipe, mwingine anaosha masufuria ya mama lishe, mwingine kazi yake ni kusalimia tu, na kwa Waha, wenyeji wa Kigoma, salamu ni kazi.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sibishani na hilo. Dagaa walikuwa wameanza kuwa hadithi. Ila kwa miezi ile mitatu mwalo ulinyamaza, na ndani ya majuma machache kila nyumba yenye mtu kama mdogo wangu ilikuwa na matatizo. Yeye aliendelea kwenda kila asubuhi. Anasimama mchangani, anatazama ziwa, anarudi kuniuliza, "Dada, dagaa?" Nikimwambia wamelala, anakubali, kesho anauliza tena. Baadaye akaanza kutembea ovyo hadi vijiji vya jirani. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alianza kufungiwa ndani na mama yake ili yeye apate kwenda shamba. Dada mmoja aliyekuwa anaosha masufuria alipotea siku nzima akapatikana barabara kuu. Wazazi waliokuwa hawajawahi kusema neno kwenye mkutano wowote wakaja mkutano mkuu wa kijiji wakiwa na ombi moja: halmashauri ijenge kituo.

Nilielewa walichokuwa wanakililia. Lakini kadiri nilivyowasikiliza ndivyo nilivyoona kwamba kituo tulikuwa nacho siku zote, nacho ni mwalo, na hakuna aliyewahi kukiandika popote kama huduma. Kwenye taarifa za kata, watu hawa walihesabiwa kuwa "hawana shughuli". Mtu anayefanya kazi alfajiri hadi alasiri!

Basi nikatumwa na kamati kwenda kuonana na afisa mipango wa wilaya, ambaye watu humwita mchumi. Nilikwenda na barua ya kituo mkononi. Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Mama, hii siwezi kuiingiza popote. Kituo si shughuli. Niambie nani atafanya nini, mara ngapi kwa mwaka, kwa gharama gani." Akanigeuzia kompyuta nione mfumo wa PlanRep ambamo bajeti zote za halmashauri zinaingizwa. Kila kitu kina lengo, chini ya lengo kuna shabaha, chini ya shabaha kuna shughuli, na shughuli ina kasma yake, yaani kifungu chake cha fedha. Kisichokaa humo hakilipwi hata mkurugenzi akiwa na huruma ya namna gani.

Akanieleza na la pili, ambalo wazazi wengi huko vijijini hawalijui. Jengo linatoka kwenye fedha za maendeleo. Mtu wa kukaa ndani ya jengo anatoka kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na ikama haipangwi na kijiji. Umeme, maji, chakula cha mchana na dawa ni matumizi ya kawaida. Unaweza kupewa la kwanza ukanyimwa mengine yote. Nani asiyejua maboma? Wananchi wamechanga mawe na mchanga, ukuta umefika kwenye linta, nyasi zimeota ndani. Ningerudi kijijini na boma la watu wenye ulemavu wa akili, na watu wangepiga makofi siku ya kuweka jiwe la msingi.

Kuna jambo la kalenda pia, na hapa naomba wazazi wenzangu wasome taratibu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Watu wengi husikia habari za bajeti Bunge likikaa, Aprili hadi Juni, wakaanza kuandika barua. Wakati huo mlango umeshafungwa zamani. Vipaumbele vinaibuliwa vijijini miezi ya baada ya Julai, kwa ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata. Halmashauri inapokea mwongozo na ukomo wa bajeti. Wataalamu wanaandaa rasimu, kamati za madiwani zinaichambua, na mwanzoni mwa mwaka Baraza la Madiwani linapitisha ndipo iende mkoani na Hazina. Maana yake ombi la kijiji linaishi au linakufa kabla ya Krismasi. Tangu nilipolijua hilo sijamsumbua tena mtu kwa barua ya Mei.

Sasa ikabidi tujue hao watu ni wangapi na wanahitaji nini. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wetu kuwa na watu 2,470,967, na nchi nzima watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Maswali yake yaligusa ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ni takwimu nzuri kwa Dodoma. Kwa mchumi wetu hazikumwambia kwamba kwenye kijiji kimoja cha ziwani kuna watu wazima wanaomeza dawa za kifafa kila siku na zahanati ina kawaida ya kuishiwa. Tukapita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji. Hatukuuliza "mna mlemavu?" maana ukiuliza hivyo, wengine wanajibu hapana huku mtu yuko chumba cha ndani. Tuliuliza nani hapa ndani ni mtu mzima lakini anahitaji kusindikizwa. Wakatoka.

Kwenye mahitaji tuligonga mwamba. Wazazi walijibu haraka, na wote walijibu sawasawa: alindwe, alishwe, akae mahali. Mwanakamati mwenzetu, mzee asiyeona, ndiye aliyesema, "Mbona hamjawauliza wenyewe? Mimi nilipokuwa kijana walimuuliza kaka yangu kama nimeshiba, na mimi nimekaa hapo hapo." Kwa hiyo tukapanga kuwauliza, siku za mbalamwezi, mwaloni, mahali wanapopazoea. Maswali ya maneno hayakufika mbali. Ukimuuliza mdogo wangu unapenda nini, atakurudishia neno lako la mwisho. Tukaweka vitu juu ya turubai: ndoo ya kuanikia, noti ya elfu moja, simu, kadi ya zahanati, ufunguo, sahani ya wali, kanga. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake, bila mama yake kusimama nyuma, akachagua.

Mdogo wangu alichukua noti, akaikunja, akaitia mfukoni. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Miaka yote ile analipwa bakuli la mboga, na wachukuzi wenzake anawaona wakipokea hela. Anajua hela ni nini, hata kama hajui inagawanywaje. Yule dada wa masufuria alichukua simu, akaiweka sikioni akaita jina la dada yake aliyeolewa Uvinza. Kijana wa nyumba ya tatu, yule aliyekuwa anafungiwa, alichukua ufunguo na hakutaka kuurudisha. Mama yake akaanza kulia. Hakuna hata mmoja aliyechukua sahani ya wali, na ndiyo huduma ambayo wageni wakija hutuletea kila mara.

Kijana mmoja wa chama cha watu wenye ulemavu kule mjini alituambia kwamba England, kwa sheria yao ya matunzo ya mwaka 2014, halmashauri inawajibika kumpima mtu mzima mmoja mmoja: anahitaji nini, yeye mwenyewe anataka maisha ya namna gani, ndipo wapange msaada. Mama mmoja akamkata, "Wao wana hela." Kweli wanazo, ingawa nasikia hata huko zinawaishia na watu wanalalamika. Lakini turubai letu na vile vitu saba havikugharimu chochote, na karatasi tuliyopeleka kwa mchumi safari iliyofuata ilikuwa na vitu anavyoweza kuviwekea kasma.

Simu, kwa mfano, ilitupeleka kwenye NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Watu wazima wengi tuliowaorodhesha hawakuwa na namba hiyo. Wazazi waliona haina haja. Bila namba hakuna laini, bila laini hakuna pesa ya simu, bila hiyo hata ukitaka kumlipa mtu mshahara wake unaishia mkononi mwa kaka yake. Mimi ni dada mtu na ninakiri wadada nasi tuna mikono. Tukaomba siku ya kuwaandikisha kijijini, na gharama yake ni mafuta ya gari na posho za maafisa wawili.

Mikopo ya asilimia kumi ni habari ndefu kidogo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Nimeona wenye ulemavu wa viungo wakinunua cherehani na bajaji kwa ile asilimia mbili, na nimefurahi nao. Wenye ulemavu wa akili wanakwama kwenye saini. Afisa mmoja alituambia kwa upole kwamba mtu asiye na akili timamu hawezi kuingia mkataba. Tulipata msaada wa mtu anayejua sheria akatusomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: kinachoangaliwa ni kama mtu, wakati anaingia mkataba, anaweza kuuelewa na kupima unamwathiri vipi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyesoma kitengo hawezi kamwe. Yule dada wa masufuria, ukimweleza kwa kumwonyesha sufuria ngapi anaosha na kiasi gani kinarudi, anaelewa kuliko wanaume fulani ninaowajua waliokopa wakanunua redio. Mdogo wangu haelewi. Lazima niseme hivyo pia. Kuwajumlisha wote kuwa wanaweza ni uvivu ule ule wa kuwajumlisha wote kuwa hawawezi. Suala la nani amsimamie mtu kama mdogo wangu kwenye kikundi bila kumla fedha zake bado tunasukumana nalo na watu wa maendeleo ya jamii.

Ufunguo ulikuwa mgumu zaidi, nitaurudia.

Karatasi ikahitaji kupita mkutano mkuu wa kijiji. Hapo tukafanya jambo lililoleta maneno mengi: tuliwaleta wahusika. Sheria ya Serikali za Mitaa ya wilaya, Sura ya 287, inasema mkutano mkuu ni wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji anayeonekana kutimiza miaka 18. Basi. Ndevu za mdogo wangu zilizomtoa kitengo zikamwingiza mkutanoni. Alikaa mbele. Kila mwenyekiti alipoomba wanaokubali wanyooshe mikono, alinyoosha. Akiomba wanaokataa, ananyoosha. Mzee mmoja akasimama kulalamika kwamba kura zinaharibika. Mwenyekiti akamjibu, "Mzee wangu, hapa ndani wako wengi wanaonyoosha mara mbili, huyu ndiye pekee anayefanya waziwazi." Mkutano ukavunjika mbavu na hoja ikapita. Hesabu ya mikono hakuna aliyeitilia shaka, maana ilikuwa kubwa mno.

Wapo waliosema tulimfanya kichekesho. Nimelifikiria. Nadhani angekuwa kichekesho kama angeletwa apigiwe makofi na kuondolewa. Alikaa hadi mwisho, akala muhogo na watu, na tangu siku hiyo mtendaji akinikuta njiani ananiuliza habari zake kwa jina lake, sio "yule mgonjwa wako." Kuhusu ugonjwa, nimechoka kueleza kwamba hana ugonjwa wa akili wa kutibiwa hospitali ya Mirembe, alizaliwa hivi alivyo, na kifafa ndicho chenye dawa.

Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata diwani alitupa dakika chache kati ya barabara na choo cha shule. Waswahili wamesema asiyekuwapo na lake halipo, na pale nilielewa kwa nini: kila mtu mezani ana jambo lake na bahasha ni moja. Nilichogundua ni kwamba hoja za huruma hazikai kwenye chumba kile zaidi ya mzungumzaji anavyokaa. Diwani aliamka niliposema kwamba kina mama watano wameacha biashara ya dagaa ili kulinda watu wao nyumbani, na ushuru wao wa mazao ya uvuvi haulipwi tena. Hapo akaandika. Sikufurahi kumwuza mdogo wangu kwa hesabu ya ushuru, ila niliiuza.

Yaliyotoka? Bajeti ilipopita, ombi letu lilikuwa limenyolewa. Dawa za kifafa ziliingia kwenye mahitaji ya zahanati, jambo ambalo lingetakiwa kuwepo tangu zamani. Afisa ustawi wa jamii akapangiwa kufika kata yetu kila robo ya mwaka. Usajili wa NIDA haukupata kasma. Posho kidogo ya msimamizi wa pale mwaloni, mmoja wa wale kina mama, awe na wajibu unaotambulika na apewe mafunzo ya huduma ya kwanza ya kifafa, ilikatwa kabisa. Waliandika kwamba itegemee wadau. Neno wadau likitokea kwenye karatasi ya halmashauri, ujue hela hakuna.

Kisha utekelezaji. Tangu ziwa lilipofungwa, mapato ya ndani ya halmashauri yanayotegemea samaki nayo yalikuwa yameyumba, na shughuli ndogo za ustawi zilikuwa zinategemea mapato hayo hayo. Afisa ustawi alikuja robo moja, robo iliyofuata hakuwa na mafuta. Alinipigia kuomba radhi. Ni binti mwenye moyo, ana kata nyingi na pikipiki moja isiyo na matairi ya maana.

Kilichotutoa ni muuguzi wa zahanati. Alituambia gari la chanjo linakuja hadi kijijini kwa ratiba, bajeti yake ni ya uhakika, na siti ya nyuma mara nyingi ina maboksi tu. Tukamwandikia mganga mkuu wa wilaya kuomba afisa ustawi apande gari hilo. Akakubali. Baadaye tukaomba na watu wa NIDA wapange siku yao ilingane na siku hiyo, ingawa wao walikuja na gari lao siku tofauti kabisa, bila taarifa, na ikabidi tukimbizane kuwatoa watu mashambani. Wengi waliandikishwa. Mdogo wangu alama za vidole hazikusoma mara ya kwanza kwa sababu ya chumvi na magamba ya dagaa. Wakamnawisha kwa limao.

Tangu hapo, kila nikikaa na wazazi wa kata nyingine, naanza na swali hilo: ni gari gani tayari linakuja kwenu? Ni kikao gani tayari kinakaa? Ni kazi gani tayari mtu wenu anaifanya? Mpango wa halmashauri maskini unapandikizwa juu ya kitu kilicho hai. Wengine hawapendi, wanasema tunaiachia serikali ikwepe wajibu wake, kwa kuwa sheria ya 2010 ni sheria na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Wana haki kusema hivyo, na kila mwaka ile posho ya msimamizi naiandika upya kwenye karatasi, kwa kiasi kile kile, ili isije ikasemwa hatukuomba.

Suala la noti halikuhitaji halmashauri. Kamati iliitisha kina mama wa mwaloni, tukakubaliana malipo ya siku kwa kazi inayoonekana: kugeuza, kubeba maji, kulinda. Bakuli la mboga linabaki kuwa zawadi. Mmoja wao aligoma, akasema kwa nini amlipe mtu anayependa tu kuwepo. Mwenzake akamuuliza yeye mwenyewe hapendi kuwepo? Mdogo wangu sasa analipwa, si kila siku, na hela yake anainunulia soda na betri za tochi ambazo hana haja nazo. Nilitaka kumzuia kwenye betri. Shemeji yangu akanikumbusha idadi ya kanga nilizo nazo.

Umebaki ufunguo. Mkataba ule wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 19, unasema mtu mwenye ulemavu achague mahali pa kuishi na nani wa kuishi naye, kwa usawa na wengine. Yule kijana anataka chumba chake. Baba yake, mtu mkimya, amemjengea kimoja cha tofali pembeni ya nyumba, bila kasma ya mtu yeyote, na ufunguo ameutundika kwa kamba shingoni mwa kijana. Mama anaogopa, na hofu yake si ya kubuni: yule dada wa masufuria aliwahi kufanyiwa ubaya na mtu anayejulikana, na kesi iliishia kwenye maelewano ya wazee badala ya Dawati la Jinsia la polisi. Kwa hiyo kijana anafunga kwa ndani, na usiku mama anapita anaweka kufuli la pili kwa nje. Moto ukitokea sijui itakuwaje. Tumemwambia hivyo, na baba yake ameshamwambia. Kamati imepanga kwenda tena, safari hii tukiwa na afisa ustawi akifika na gari la chanjo, na tutampelekea pendekezo la komeo moja linalofunguka pande zote na jirani wa kumwangalia usiku, ambaye tayari amekubali lakini anataka kujua atalipwa nini.